Mustari Moja, Ng'ombe Moja

Bagalwa aliacha kazi ya karani siku ya Ijumaa, na kufika Jumapili alikuwa tajiri. Tajiri wa kwenye karatasi, lakini tajiri. Alikuwa amenunua mashini ya kuandikia watu barua kwa malipo, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: barua ishirini kwa siku, pesa zaire moja kila barua ya mistari mitano, Jumapili kupumzika. Zaire mia tano na ishirini kwa mwezi! Hata direkta aliyemwacha ofisini hakuzigusa.

Kosa lake ni kuyasema hayo mbele ya mshenga wa posa yake. Mshenga hakunywa hata maji. Alibeba habari moja kwa moja mpaka kwa Muzee Zihindula, baba yake Cibalonza, msichana aliyekuwa akimposa. Mahari iliyokuwa ng'ombe watano ikalala, ikaamka kumi na watano. Mwenye kupata hivyo, ataoaje kwa bei ya karani?

Wiki mbili zikapita pembeni ya soko la Nyawera, alipoweka mashini na benchi ya wateja. Barua tisa. Moja ililipwa kwa mayai, mbili kwa "kesho". Wengine walikuja kukalia benchi yake tu na kusengenya watu.

Ndipo Muzee Zihindula akatokea, kofia mkononi, akaketi akitazama upande.

"Citoyen mwandishi," akamwita kama raia yeyote asiyemjua, "sikuje kwa mukwe. Mukwe sisemi naye, ni haya. Nimekuja kwa mwandishi. Uandikie ule kijana anataka binti yangu."

Bagalwa aliingiza karatasi kwenye mashini. Ng'ombe kumi na watano hakuwa nao, na Cibalonza alikuwa na wachumba wengine mlangoni.

"Nimuandikie nini, muzee?"

"Ng'ombe zangu, moja moja, kila moja na mustari yake na jina ya mwenye kuipokea. Mustari ni bei gani?"

"Makuta makumi mbili. Mustari tano, zaire moja."

"Mustari moja? Unaandika na zahabu?"

"Ni bei yake ile ile, muzee. Bei iko. Wateja ndio hawako."

Muzee aligeuza kofia yake mkononi. "Kwani ule kijana amepata barua ngapi?"

"Tisa, tangu aanze. Ile hesabu alipiga akiwa ameshiba."

Muzee akakohoa kikohozi kirefu chenye kicheko ndani yake. "Andika. Ng'ombe ya baba."

Mashini ikalia tak-tak-tak.

"Ya mama. Ya nyanya. Ya kaka mukubwa. Ya shangazi wa Luvungi."

"Zaire moja imetimia, muzee."

"Tayari? Ya mujomba, basi."

"Moja na makuta makumi mbili. Ya saba?"

"Ya binamu... Eh, ule hakuje hata kwa kilio ya baba yangu! Wacha."

"Ya nane?"

"Shangazi mudogo. Mudomo mingi. Wacha."

"Ya tisa?"

"We mutoto, unataka kunimaliza? Funga barua! Kuna mbuzi moja pia ya mama, uifinye kwenye mustari yake. Nafasi iko."

Alilipa akihesabu mara tatu, akakunja barua, akamrudishia Bagalwa.

"Umufikishie. Na umwambie asikawie kujibu."

Bagalwa aliipokea mahari hiyo ya ng'ombe sita na mbuzi mmoja kwa mikono miwili, akaahidi kumtafuta kijana huyo popote alipo.