Onja Wewe Kwanza

"Onja wewe kwanza," alisema Bwana Miti.

Mwinyimvua alisimama na sinia mkononi. Tangu vita vya Maji Maji vizuke huko Umatumbi, Mjerumani huyu msimamizi wa mikoko alikuwa hatii kitu kinywani kabla mtumishi wake hajakionja: mchuzi, chai, hata maji ya mtungi. Leo ilikuwa wiski, zawadi ya nahodha wa meli iliyokuja Mbuchi kupakia boriti.

"Bwana, dini yangu hainiruhusu."

"Chupa imefunguliwa. Nani kaifungua?"

"Mimi, bwana. Ulinituma mwenyewe."

"Basi onja." Mkono wake ulilala juu ya bastola, bila hasira, mkono wa mtu asiyepata usingizi. "Nahodha anasema imezeekea kwenye pipa, kisha ikahamishiwa pipa lililokuwa na mvinyo. Niambie kama ni kweli."

Watu walikuwa wamenyongwa Mohoro kwa makosa madogo kuliko kukataa. Mwinyimvua alimkumbuka Abdalah, mdogo wake, aliyekunywa maji ya dawa ya kuzuia risasi kwa hiari yake, akaenda vitani asirudi. Akaanza bismillahi, akaikatiza njiani. Haikufaa.

Akanywa.

Moto ulimshuka kifuani. Nyuma yake ukaja moshi, kama wa kuni mbichi, na nyuma ya moshi utamu wa zabibu kavu, zile alizoletewa na marehemu baba yake kutoka Kilwa alipougua utotoni. Mabega yaliyomkakamaa tangu masika yakalegea. Alikuwa amejiandaa kwa uchungu.

"Vipi?"

"Tamu, bwana."

Bwana Miti alimtazama kitambo, akingoja aanguke. Hakuanguka. Ndipo naye akajimiminia.

Nyumbani, mkewe Mwanahalima alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Baba Zena, mbona unanuka?"

"Nimeonjeshwa pombe ya bwana."

"Ukatema?"

Angeweza kusema ndiyo, yakaisha.

"Nimemeza, mke wangu. Tena ilikuwa nzuri."

Mwanahalima alichota maji kwa kata, akampa.

"Sukutua. Na kesho utakwenda tena?"

"Nisipokwenda, watanifuata hapa."

Jua lilikuwa linazama na sala ya magharibi imekaribia. Mwinyimvua alichutama ukingoni mwa ua, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Zabibu zilikuwa bado ulimini. Maji yakatiririka hadi kwenye tope, na kaa wadogo wakachomoza mashimoni, mmoja mmoja, wakayasogelea.