Khanga Juu ya Tangi

Mwadini aliwapenda wajukuu zake, lakini mimea yake ya kuelea aliipenda zaidi, na hakuona haya kusema. Tangi lake la samaki lilikaa sebuleni kwake Edmonton, kaskazini mwa London; juu ya maji vijani vya duara vilibanana, mizizi ikining'inia chini kama ndevu. Kila Ijumaa alitia picha kwenye grupu la WhatsApp la Wazanzibari wa London, na watu, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuchoka, wakamwita Bwana Bustani.

Sikukuu ya Idi akaja rafiki yake Ameir kutoka Ilford. Alisimama mbele ya tangi, akatumbua macho.

"Duh! Limejaa hili, yakhe!"

Basi. Mashaallah hakuisema, na kwetu sifa isiyo na mashaallah ni kijicho kitupu. Ibtisam, mke wa Mwadini, akamchotea mgeni vijani kwenye kikombe cha plastiki ampelekee mkewe Afra. Mwadini aliviacha viende kwa shingo upande.

Kesho yake jani moja likawa manjano. Majani huzeeka, lakini nani wa kumwambia Mwadini? Akalifunika tangi gubigubi kwa khanga ya mkewe. Majani yalipozidi kufifia, akaongeza khanga ya pili. Halafu blanketi.

"Baba Sufian, mimea inataka light," Ibtisam alimwambia. "Unaiua kwa giza."

"Inataka kinga. Wewe hukuliona jicho la Ameir lile?"

Alipokuja kufunua alikuta uji wa kijani unaonuka. Alikaa chini akalia, mtu mzima na mvi zake. Ibtisam alikuwa na la kusema, lakini alimwonea huruma, akachukua ndoo akaanza kuuchota ule uji. Kwenye grupu Mwadini aliandika kwamba husda imemmalizia bustani, na hamtaji mtu.

Baadaye wakaalikwa Ilford. Dirishani kwa Ameir, peupe kabisa, palikuwa na tangi lililosheheni vijani hata maji hayaonekani. Vyake! Vya kikombe kile kile! Sasa alifahamu kwamba mkewe alisema kweli, na wivu ukamshika. Akalikodolea macho tangi.

"Si useme mashaallah," Ibtisam alimnong'oneza huku akimfinya.

Hakusema. Afra, aliyekuwa akiandaa chai, alimtazama Mwadini, akalitazama tangi. Akaliweka sinia mezani, akaingia chumbani, akatoka na khanga mbili. Akalifunika tangi gubigubi, kwa adabu zote, kisha akawamiminia wageni chai.

Mwadini alijua mimea ile itaishia wapi. Neno moja lingetosha: funueni, giza litaiua. Lakini kulisema ni kukiri mbele ya Ameir ni nani hasa aliyeiua ile ya Edmonton.

Akachukua kitumbua, akakitafuna polepole.

"Vitamu hivi, Bi Afra," alisema. "Mashaallah."