Ieuan wa Basi Apanda kwa Nyuma

Katika bonde letu hapa Wales, akina Jones ni wengi kuliko kondoo, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake. Mimi nilikuwa Delyth wa Jikoni, maana nilipika shuleni miaka ishirini. Ieuan alikuwa Ieuan wa Basi. Aliendesha basi la asubuhi miaka thelathini na moja, akitangaza kila kituo kwa sauti ya kanisani, mpaka njia yetu ikafutwa.

Wanakijiji tukajichangisha, tukapata basi dogo letu wenyewe, lenye lifti ya viti vya magurudumu kwa nyuma. Unapiga simu siku moja kabla, tunakufuata mlangoni kwako. Madereva ni wa kujitolea. Nilipostaafu nikashika usukani, na watu wa hapa, ambao midomo yao haina breki, wakaanza kuniita Delyth wa Basi. Sikuliomba jina hilo.

Mwaka huohuo kisukari kikamkata Ieuan mguu. Mkewe Nesta, ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, akahamishiwa nyumba ya kutunzia wazee mjini, maili kumi na mbili kutoka hapa. Wiki kumi na moja Ieuan hakumwona. Usafiri ulikuwepo. Tatizo usafiri wenyewe ni mimi.

"Sipakiwi kwa nyuma kama kondoo wa mnadani," alinijibu kila nilipompigia. "Endelea tu na basi lako, Delyth *wa Basi*."

Nami nikamkatia simu, mara mbili, na sijutii.

Halafu Jumatatu moja akapiga yeye. Sauti imenywea.

"Muuguzi amenipigia. Wiki nzima Nesta hajanitaja hata mara moja. Kesho una nafasi?"

"Ipo," nikasema. Hata kama isingekuwepo ingekuwepo.

Kesho yake nilimkuta getini, kavaa tai, manyunyu yanamwangukia. Ndani ya basi alikuwemo Megan, bibi wa miaka themanini na nane, anakwenda kutengeneza nywele. Niliposhusha lifti, Ieuan akashika magurudumu yake kwa mikono miwili, kiti kikagoma.

"Siwezi, Delyth. Nirudishe ndani."

Megan akatoa kichwa dirishani. "We Ieuan! Nina miadi saa nne!"

"Nendeni. Mimi nawachelewesha."

"Nilipokuwa na mimba ya mwanangu Gareth, tumbo limenitangulia kama ngoma, nani alikuwa anashuka kwenye usukani kunishika mkono nipande ngazi?"

Ieuan akainamia magurudumu yake.

"Nakuuliza wewe! Uliniona mzigo?"

"Aa, hapana, Megan. Mzigo vipi tena?"

"Haya, panda. Unataka kusaidia watu wewe peke yako? Tuachie na sisi kidogo!"

Akaachia magurudumu. Nikabonyeza kitufe, akapanda taratibu, kafumba macho. Nikafunga kiti sakafuni kwa mikanda minne, nikaivuta mmoja mmoja.

Mwendo wa maili mbili alikodolea macho usukani wangu. Tulipofika kilimani akashindwa kujizuia.

"Gia ya pili, mama! Hicho ni kilima, si sufuria!"

Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilifurahi mno, nikaweka gia ya pili. Pale chini kondoo walikuwa wamelala barabarani, tukawasubiri wajisikie kuondoka.

Nesta alikuwa ameketi barazani pamoja na muuguzi. Nilifungua milango ya nyuma, lifti ikaanza kumshusha Ieuan.

"Nesta, mume wako huyo amekuja," muuguzi akasema.

Nesta akamtazama yule mzee wa mguu mmoja tangu kichwani mpaka kwenye kiti. "Mimi huyu simjui," akasema kwa adabu, kisha akageukia bustani.

Niliona uso wa Ieuan. Nisingependa kuuona tena. Nilitaka kuirudisha lifti juu, nimfiche.

Lifti ikagusa chini. Sijui kama aliamua au ni mazoea ya miaka thelathini na moja, lakini alijinyoosha kitini na kutoa ile sauti ya kanisani: "Mwisho wa safari, mabibi na mabwana! Msisahau miavuli yenu!"

Nesta akageuka. Akainua mkono, akautazama mahali ambapo zamani alivaa saa, akakunja uso kama msichana anayechelewa kazini.

"Umechelewa tena, Ieuan wa Basi."

"Kondoo, Nesta," akasema. Machozi yalikuwa yamefika kwenye tai. "Walikuwa barabarani."

"Kila siku kondoo," Nesta akasema, akampa mkono ili amsaidie kushuka, kama alivyomshusha basini enzi za usichana wake.

Mimi na Megan tulilia ndani ya basi bila aibu, nywele zikasubiri. Namshukuru Mungu, nawashukuru wote waliotutengenezea lifti ile, hata yule aliyebuni mikanda inayonivunja kucha.

Jioni, nilipomrudisha nyumbani, Ieuan alinishika mkono asiuachie.

"Asante. Niandikie Jumanne ijayo. Na Jumanne zote."

"Nimekuandika, Ieuan wa Basi."

Akacheka. "Basi ujue, usinicheleweshe tena, Delyth wa Lifti."

Kufika Jumapili kanisa zima lilikuwa linaniita hivyo, nami naitika.