Petroli Kwenye Beseni

Harufu ilimfikia fundi kabla hajaingia gereji, na damu ikamchemka. Kaka yake alikuwa ameiinamia mashine mpya, lile beseni la umeme linalong'oa uchafu wa vipuri kwa mtetemo wa maji moto ya sabuni. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi.

Fundi alichomoa waya ukutani.

"Umetia nini humu, kaka?"

"Petroli. Kabureta ya pikipiki ya marehemu baba haioshwi kwa sabuni kama sahani."

"Mashine inapasha moto! Ungejilipua, na gereji, na hiyo kabureta!"

"Dada, miaka thelathini naosha kwa petroli. Umeniona nimelipuka?"

Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomuudhi fundi zaidi. Alirudisha petroli kwenye dumu, akalifuta beseni mpaka likakauka, akafungua madirisha na kungoja harufu iishe. Kisha akatia maji na sabuni, akapanga vipande vya kabureta kwenye kikapu cha waya cha mashine, akawasha.

Mashine ikavuma. Baada ya dakika chache, kwenye kile kitundu kilichoziba, walichokuwa wakikichokoa kwa sindano bila mafanikio tangu baba afariki, ukatoka uzi mweusi wa uchafu, mwembamba kama moshi.

Kaka akasogea, akachungulia.

"Hata petroli ingetoa."

Fundi akanyoosha mkono mlangoni. "Nje, kaka. Nitakuita nikipoa."

Jioni pikipiki ya baba ikanguruma. Kaka aliisikia akiwa barabarani, bado hajaitwa.