Sura Iliyofungua Simu

Katekista alipovuta kile kitambaa cheupe, nilijiona.

Nilikuwa nimesimama kwenye makaburi ya parokia kule Kisarawe, viatu vimezama kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua, nimemshika mama mkono. Na papo hapo nilikuwa kwenye kipande cha marumaru kilichobandikwa katikati ya msalaba wa saruji, nimenyoosha shingo, natabasamu kidogo, natazama mbele. Chini yangu waliandika jina la dada yangu, tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo ni yangu pia, na tarehe nyingine ambayo mimi bado sijaifikia.

Watu wakaanza wimbo. Mama akaniegemea. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu wa mtoto wa jicho, lakini alikuwa ameisogelea picha hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Wamempatia," alininong'oneza. "Wamempatia kabisa mwanangu."

Blauzi niliyokuwa nimeivaa pale kwenye marumaru niliishona mwenyewe, na asubuhi ile nilikuwa nimeiacha kwenye kamba ya nguo, nyumbani kwangu Visiga, ikikauka.

Kulwa alitangulia kuzaliwa, mimi Dotto nikamfuata, na tangu hapo tulikua kama mtu mmoja aliyepewa miili miwili. Majirani walikata tamaa mapema. Waliita majina yote mawili kwa pamoja, akaitika aliyesikia. Kilichotutenga ni kovu. Utotoni Kulwa aliteleza bombani, ukingo wa ndoo ukampasua kidevu upande wa kushoto, na jeraha lilipopona liliacha alama nyembamba iliyopinda, nyeupe kuliko ngozi yake. Akicheka, ilikuwa inajikunja. Kidevu changu kilibaki laini, na kwa miaka mingi nilimwonea wivu, kwa sababu yeye alikuwa na kitu ambacho ni chake peke yake.

Akawa mwalimu wa shule ya msingi. Akaolewa na Evodius, fundi umeme mpole asiyependa maneno mengi, wakajenga Kisarawe, wakampata Dina. Mimi nikabaki Visiga na cherehani yangu.

Kamera niliinunua kwa ajili ya vitenge. Simu yangu ilikuwa inapiga picha nzuri mno, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Rangi ya damu ya mzee ilitoka nyekundu ya kuwaka, kijani cha mgomba kikang'aa kama plastiki, na wateja wakija kuchukua nguo walisimama mlangoni wakisema, "Dada, mbona siyo ile niliyoiona?" Basi nikatafuta kamera ya mtumba, nzito kama tofali, nikawa naenda Mlandizi kwa Saburi, mpiga picha za harusi, anifundishe kuitumia. Mwanzoni picha zangu zilitoka nyeusi tii au nyeupe kama unga.

"Simu inakisia unachotaka kuona, inakupa," Saburi aliniambia siku niliyotaka kuiuza ile kamera. "Hii haikujui, dada. Usipoiambia kitu, haifanyi kitu. Ndiyo maana utajifunza."

Kulwa hakutaka hata kuishika. Yeye alikuwa na simu tu, na haki yake sitamnyima: alikuwa na jicho. Alikuwa anachuchumaa katikati ya watoto wa shule wakikimbizana mapumzikoni, akainuka na picha ambayo mimi nisingeipata, maana mimi ningekuwa bado nazungusha lenzi. Kusogea karibu nilifundishwa na yeye. Kusubiri mtu asahau kwamba anapigwa picha, pia nilifundishwa na yeye.

"Jicho ndilo linalopiga, we Dotto," alikuwa ananiambia. "Hilo dude lako ni mzigo wa shingo tu."

Lakini alipojipiga mwenyewe, au kunipiga mimi, simu yake ilitupaka uso mzima kitu kama poda. Vinyweleo vilikwenda, mikunjo ilikwenda, na kovu lilikwenda. Tulikuwa tunakaa mkekani tukizipitia zile picha, tukibishana yupi ni mimi na yupi ni yeye. Wakati ule lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kulwa alianguka darasani asubuhi moja, chaki mkononi. Mshipa wa kichwani, walisema. Kabla gari halijapatikana alikuwa ameshakwenda.

Baada ya mazishi, tukiwa bado tumekaa chini sebuleni kwake, Evodius alinijia na simu ya marehemu ameishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, samahani," alisema. "Picha zake zote zimo humu. Namba ya siri siijui. Alikuwa anaifungua kwa uso wake."

Nilielewa anachoniomba kabla hajamaliza. Wanawake waliokuwa karibu walielewa pia, maana maongezi yalikatika. Niliipokea, nikaiinua usawa wa macho. Simu ilinitazama. Ikafunguka.

Tereza, dada yake Evodius, alifanya ishara ya msalaba. Mwingine alitoka nje. Evodius akaichukua taratibu, akasema ahsante, na tangu hapo hakuweza tena kunitazama usoni. Akizungumza nami alikuwa anazungumza na bega langu.

Sikumlaumu. Hata mimi nilianza kujikwepa. Siku moja nikiwa stendi ya Kisarawe, msichana mmoja mwenye sare ya shule alinipita, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akaenda mbele kidogo, kisha akasimama ghafla. Hakugeuka. Nilimwona mgongo ukikakamaa, halafu akaanza kukimbia. Na simu yangu mwenyewe, iliyojipa kazi ya kupanga picha kwa sura, ilikuwa imezikusanya zetu zote kwenye fungu moja. Kila mara niliposhona gauni na kujipiga mbele ya kioo, iliniweka pamoja na Kulwa, kisha ikauliza: huyu ni nani? Hapakuwa na mahali pa kuandika majina mawili.

Sasa pale makaburini, wimbo ulipokwisha na padri akaanza kunyunyiza maji ya baraka, Dina aliponyoka mikononi mwa Tereza. Alikuwa mdogo bado, gauni lake jeupe limeshapata tope. Alikwenda moja kwa moja kwenye msalaba, akaweka kiganja kwenye marumaru.

"Mama mdogo," alisema.

"Hapana, mwanangu," Tereza akamrekebisha. "Huyo ni mama."

Dina akageuka, akanitafuta kati ya watu, akaninyooshea kidole. "Mama mdogo," akasema. Akakirudisha kidole kwenye picha. "Mama mdogo."

"Ni mama yako, Dina. Ni Kulwa. Sema, mama."

Mtoto alitutazama sote, watu wazima tuliovaa vizuri, tumemzunguka, tunamsubiri. Alikuwa na uhakika. Kisha nikaona uhakika unamtoka.

"Mama," alisema.

Watu wakafuta machozi. Mimi ndipo nilipoingiwa na hofu hasa. Picha yangu juu ya kaburi ningeivumilia. Ningejiambia ni marumaru tu. Lakini yule mtoto alikuwa amefundishwa mbele yangu kumsahau mama yake, na alikuwa mwanafunzi mwepesi.

Nilirudi Visiga nikatafuta kadi za kamera. Nilikumbuka kwamba niliwahi kumpiga Kulwa uani kwao, mchana, jua la utosi. Alipojiona kwenye kile kioo kidogo cha nyuma alikunja uso. "Kamera yako ina uadui na watu. Ifute hiyo." Ningeifuta, lakini Dina aliamka akilia, tukakimbilia ndani, na ikabaki. Niliikuta katikati ya picha za mikono ya magauni na vifungo. Jicho moja limefumba nusu. Mdomo wazi. Kivuli cha pua kimelala kwenye mdomo, jasho linang'aa kwenye paji la uso, na kwenye kidevu, upande wa kushoto, ile alama imejikunja. Nilipoiona niliweka kamera juu ya cherehani nikatoka nje kwanza, nikasimama na kuku.

Niliisafishisha kwa Saburi, nikapanda bodaboda kupitia Kiluvya hadi kwa Evodius. Nilimkuta uani anakunja nyaya. Dina alikuwa kwa jirani.

"Shemeji, ile picha ya kaburini si Kulwa," nilimwambia. "Ni mimi. Kulwa ndiye aliyeipiga."

Hakuacha kukunja. "Mke wangu namjua."

"Blauzi ile ninayo nyumbani."

"Mlikuwa mnaazimana nguo."

Nikamwekea picha juu ya meza. Aliitupia jicho akaisukuma pembeni. "Hii mbaya. Hakuwa hivi. Amekaa kama mtu anayepiga chafya. Kwa nini unataka watu wamwone hivi?"

Nikamwuliza swali lililonijia tu. "Kovu lake lilikuwa upande gani?"

Evodius akafungua mdomo. Akainua mkono, akaupeleka kwenye kidevu chake, kulia, kisha kushoto, kisha ukabaki hewani. Nyaya zikamdondoka.

"Nimelala naye miaka yote ile," alisema.

Akaivuta picha, akaiinamia. Jirani aliwasha redio, akaizima. Evodius aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Kwenye nyingine zote alikuwa anaangalia pembeni. Ile ya kaburini niliichagua kwa sababu ilikuwa inaniangalia. Nimeiweka kwenye simu. Kila siku naamka naisalimia." Akajifunika uso. "Nisamehe, shemeji. Kumbe nilikuwa nakusalimia wewe."

"Sikuwa nakuangalia wewe," nilimwambia. "Nilikuwa namwangalia yeye."

Ndipo alipoinua kichwa akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya simu. Alinitazama kidevu, akanitazama macho, na niliona anavyonitenga na mke wake, kidogo kidogo, kama mtu anayefumua mshono asichane kitambaa. Iliniuma. Nadhani ilimuuma zaidi yeye, kwa sababu alipomaliza, hapakuwa na mtu mwingine pale uani.

Mama nilimweleza mwenyewe. Nilitegemea atalia. Aliuliza tu lini fundi anakwenda.

"Uondolewe pale haraka," alisema. "Mwanangu mmoja anatosha pale."

Marumaru mpya ilibandikwa siku ya kawaida, bila padri wala wimbo. Tulikuwa sisi wenyewe, na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Tereza aliiona picha akaguna. Alisema marehemu angekasirika, na huenda ni kweli. Mama alipitisha kidole gumba kwenye kidevu cha picha, ingawa marumaru ni laini na hakuna cha kugusa, akakiacha pale.

Dina alisimama mbele ya msalaba, mikono nyuma. Safari hii hakuna aliyemwambia aseme nini. Alikuwa amesharekebishwa mara moja, na sasa alikuwa anajihadhari na sisi.

"Mbona jicho lake moja limefumba?" aliuliza hatimaye.

"Alikuwa anacheka," nikasema.

"Anacheka nini?"

Nikachuchumaa kwenye udongo ili tuwe sawa. "Alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa nimempiga picha nyingi sana, nimemzungusha uani kote, simama hapa, simama pale, kumbe kifuniko cha kamera sijakitoa. Nilipokitoa, nikampata hivi."

Dina alilifikiria hilo. Alinitazama, akatazama marumaru, akanitazama tena, polepole. Kisha akarudi kwenye picha akaisogelea, akafungua mdomo wake na kufumba jicho moja nusu, akajaribu, na kwa muda mfupi nilimwona Kulwa amesimama mbele yangu na gauni la mtoto.

"Hivi?" aliuliza.

"Hivyo hivyo."

Akafunga mdomo. Akampa baba yake mkono, akauliza kama nyumbani kuna maharage.