Mende Anakwenda Kulia

Mwalimu Fabian alikifunga kitabu changu nikiwa katikati ya sentensi, nami nikaendelea kusoma. Nilipofika kwenye nukta ndipo nikagundua kuwa macho yangu yanatazama jalada.

Darasa zima la watu wazima likacheka.

"Mama Munira," alisema Mwalimu kwa upole, "hujasoma. Umekariri."

Ni kweli nilikuwa nimekariri. Kwetu Busi, kwenye chuo cha Kurani, ndivyo tulivyosomeshwa. Maalimu alitamka, sisi tukafuata mpaka sura ikaingia kifuani. Lakini jioni ile Mwalimu alikuwa akichagua watu wa kupanda darasa la pili, na asiyejua kusoma angerudi kwa wanaoanza na a, e, i, o, u. Mimi nilikuwa na haja yangu. Marehemu mume wangu aliniachia msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili. Maneno ya Mungu nimeyabeba tangu utotoni, na maana yake nimekuwa nikiipata kwa kuhadithiwa. Nilitaka niisome kwa macho yangu kabla sijafa.

"Nipe kingine, Mwalimu," nikasema. "Nisichokijua."

Akatazama huku na huku. Enzi hizo magazeti mapya yalikuwa yakizuka Dodoma kila kukicha, na mengi yaliishia kufungia vitafunwa. Anyesi, muuza vitumbua aliyekaa nyuma yangu, alikuwa na kipande kimoja. Mwalimu akakichukua, akakisoma kimya, akatabasamu.

"Hiki huwezi kukijua," akasema. "Wala kukibahatisha."

Kilikuwa kimelowa mafuta. Nikapiga bismillahi moyoni, nikaweka kidole.

"Wa-ta-a-la-mu wa Ja-pa-ni wa-me-m-fu-nga..."

Nikakwama hapo. Akili ilinihimiza niseme mbuzi, maana mbuzi ndiye ninayemjua kwa kufungwa. Kidole hakikukubali.

"...mende," nikasema.

"Mwalimu, anatunga huyo!" alipaza sauti Matonya, mlinzi wa nyumba ya tajiri mmoja mjini. "Nani anafunga mende?"

"Endelea, mama," alisema Mwalimu.

"...mende ma-shi-ne ndo-go mgongoni, ili wa-mwo-ngo-ze kwa ri-mo-ti."

"Rimoti ndiyo nini?" akauliza Anyesi.

"Kile cha kubadilishia televisheni," alijibu Matonya, kifua mbele. "Bosi wangu anacho. Akibonyeza tu, mtu aliyekuwa akihutubia anatoweka."

"Na mende naye anatoweka? Niletee basi, baba wee, kwangu wamejaa!"

Nilingoja kelele zitulie. Neno lililofuata lilinitoa jasho. Nililijaribu mara ya kwanza likavunjika, na mara ya pili vilevile. Rabbi zidni ilma, nikaomba, Mola wangu nizidishie elimu. Nikalirudia.

"Wamekata vi-pa-pa-si-o vyake."

"Zile ndevu zake," alieleza Mwalimu.

"Wakaunganisha nyaya. Wakibonyeza huku, mende anakwenda kushoto. Wakibonyeza kule, mende anakwenda kulia."

"Hata mimi ningelia!" Anyesi akadakia. "Ndevu umekatwa, mzigo mgongoni, halafu Mjapani anakutuma!"

Hapo darasa lilivunjika mbavu. Matonya alijitwika mkoba mgongoni, akawa anatembea kati ya madawati huku jirani yake akimbonyeza sikio. Mwalimu mwenyewe alishika ukuta. Mimi sikucheka. Niliogopa kidole kikiteleza nitapoteza mstari, na mstari ukipotea, na darasa la pili limepotea. Nikakikandamiza pale pale mpaka wakachoka.

Palipotulia, nikapeleka macho kwenye sentensi ya mwisho. Nikaipitia kimya, ili nisiivunje nitakapoitamka. Kicheko kikanitoka ghafla, peke yangu, nikafunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Wote wakanitazama.

"Unacheka nini, mama?" aliuliza Mwalimu.

"Hiki cha mwisho." Nikasoma, safari hii bila kukata: "Lakini wakati mwingine mende hukataa amri, akaenda anakotaka mwenyewe."

Wakacheka upya. Mwalimu Fabian hakucheka.

"Umecheka kabla hujatusomea," akasema taratibu. "Nani alikuwa amekuambia?"

"Hakuna, Mwalimu. Imeandikwa hapa."

"Basi Jumatatu utakaa darasa la pili." Alinirudishia kitabu changu kwa mikono miwili.

Nyumbani, baada ya kuswali magharibi, nilifungua msahafu kwenye sura ya kwanza. Nikaweka kidole upande wa Kiswahili. Nilikwenda polepole, silabi kwa silabi, hadi nikafika kwenye neno ambalo sikuhitaji kulikata: tuongoze. Nililijua mara moja. Nilikuwa nimekutana na ndugu yake, wamwongoze, jioni ile, kwenye karatasi ya vitumbua.

Munira, binti yangu, alichungulia mlangoni. "Mama, unacheka juu ya msahafu?"

"Nimemwona ninayemfahamu," nikamwambia. "Njoo ukae, nikusomee."