Kiwambo Kilichogoma Mtutuni

Irja alimvuta kaka yake Urho kutoka kijitoni kwa kola ya koti, na yeye mwenyewe akatoka amelowa hadi shingoni. Urho alikuwa ameteleza kwenye gogo la kuvukia. Mguu ulivunjika, mfupa ukachungulia nje. Irja alimkaza paja kwa mkanda, lakini damu haikukatika. Simu zao za mkononi na ile ya upepo zilikuwa zimekunywa maji, na wenzao wa msako wa kulungu walikuwa ng'ambo ya kilima.

Bunduki ilibaki kavu ukingoni. Irja akaielekeza juu, upande wa ziwa kusiko na mtu, akapiga risasi tatu za kuomba msaada. Baada ya kitambo ikasikika filimbi ya mzee Kalervo, mkuu wa kikosi. Ikalia tena, mbali zaidi.

"Wanakwenda ziwani," Urho akasema. "Kiwambo hicho, dada. Kinawapoteza."

Irja akautazama mtutu. Kikosi kizima kilifunga viwambo vya sauti kwenye midomo ya bunduki, kunusuru masikio yao na ya mbwa. Hewa moto ya baruti huingia kwenye vyumba vya kile chuma, ikazungushwa humo na kupunguzwa kasi, ikatoka bila kishindo. Lakini risasi yenyewe huendelea kupasua anga, na mpasuko huo ndio wenzao walioufuata, kule ilikopita.

Akaondoa risasi iliyokuwa chemba ya bunduki, akakishika kiwambo akifungue. Kikagoma. Masizi ya msimu mzima yalikuwa yamekigandisha, na vidole vyake vilikufa ganzi. Akabana bunduki magotini, akakifunga skafu, akazungusha kwa uzito wa mwili wote.

"Urho, nitukane. Usinyamaze."

"Sina nguvu ya kukutukana."

Hakusema tena. Irja akalia kwa sauti huku akisokota, akimwomba Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye tangu kipaimara. Ndipo kiwambo kikalegea.

Zilibaki risasi mbili. Akazipiga zote. Mlio ukatikisa msitu, masikio yake yakajaa mvumo, asisikie kama kuna aliyejibu. Akalala juu ya kaka yake kumpa joto.

Mbwa alifika kwanza, kisha Kalervo na wanaume wawili wakihema. Urho alibebwa kwenye machela ya matawi, angali anapumua. Hospitalini waliukata mguu chini ya goti. Alipozinduka aliuliza dada yake yuko wapi, kwa sababu, alisema, bado ana matusi ya kumpa.